Chupa Namba Tatu

Sura ya Tisa

Barua ilikuwa imeshachapwa. Ililala mezani kwa Sixbert, mkuu wa idara ya afya, chini ya kikombe cha chai, na kilichobaki ni sahihi tu.

"Karibu kiti, Bibi Afya."

"Nipe kwanza hiyo barua."

Sixbert alimpa. Paskazia alivaa miwani akaisoma polepole, kama alivyosoma kila kitu kwa miaka thelathini na miwili ya kukagua visima, vyoo na machinjio ya Tabora. Barua ilikuwa inakwenda chuo kikuu. Ilisema kwamba Elieth, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa afya ya mazingira, aliyeletwa kwa mafunzo ya vitendo wakati wa likizo ndefu, ameharibu sampuli ya maji kwa uzembe, na kwamba mafunzo yake yamesitishwa.

"Akikosa fildi anarudia mwaka," Paskazia alisema.

"Najua, mama. Na mimi nilikuwa mwanafunzi. Lakini karatasi yake ilisema kisima cha Isevya kina bakteria wa kinyesi, nikakifunga kwa mnyororo. Siku tisa sasa watu wanapanga foleni kwenye bomba la shule mpaka barabarani. Jana Lugembe kapima upya, kisima kisafi kabisa! Na watoto bado wanaharisha. Diwani anapiga simu kabla sijanawa uso. Nimwambie nini?"

"Mwambie kesho saa sita mchana."

"Kesho saa sita kuna nini?"

"Nitakuwa nimejua ile chupa ilipita mikononi mwa nani."

Sixbert alimtazama, akasugua shingo, kisha akakisogeza kikombe upande wake. Kilikuwa bado hakijaguswa, na sukari yake ilikuwa nyingi, kama Paskazia alivyoipenda.

"Kunywa. Kesho saa sita. Nisipopata jibu, natia sahihi."

*

Lugembe wa maabara hakuwa mtu wa maneno. Alifungua daftari lake, akaweka kidole kwenye mstari.

"Chupa tatu. Namba moja, bomba la shule: safi. Namba mbili, pipa la Zuena pale kisimani: safi. Namba tatu, mdomo wa pampu ya kisima: chafu."

"Pipa la Zuena hujazwa na nini?"

"Na pampu hiyo hiyo."

"Siku ile lilijazwa lini?"

"Asubuhi ile ile. Mwanafunzi kaandika hapa. Mwandiko wake mzuri, unasomeka."

Paskazia alivua miwani. "Sasa niambie, Lugembe. Maji yanatoka kwenye mdomo wa pampu yakiwa machafu, yanaingia kwenye pipa, na pipani yanakuwa safi?"

"Haiwezekani."

"Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza, mama."

Alimwomba amwonyeshe sanduku la barafu lililobeba chupa. Lugembe akasema naye alishalifikiria hilo. Barafu ilitoka dukani kwa Popatlal kule Gongoni, na mzee yule huwapa wanafunzi wa fildi bila kuwadai kitu. Siku ile iliyeyuka, lebo ya chupa namba tatu ikalowa mpaka wino ukatambaa. Huenda maji ya barafu yaliingia ndani.

"Chupa nyingine zilikuwa wapi?"

"Sanduku moja."

"Lebo zao zililowa?"

"Hapana. Kavu."

"Basi barafu ikae na chupa tatu, iloweshe moja tu?" Paskazia akatikisa kichwa. "Namba tatu ililowa kabla haijaingia kwenye sanduku. Na zile karatasi za fedha?"

Hiyo ilikuwa kanuni ya Paskazia mwenyewe. Kila chupa iliyochemshwa kwa mvuke ilifungwa mdomo kwa karatasi ya fedha, ile foili ing'aayo ya jikoni, na Lugembe aliandika namba juu yake. Anayechukua sampuli huifungua palepale anapoteka, na hurudisha karatasi hiyo pamoja na chupa, ili ijulikane kwamba chupa haikufunguliwa njiani. Lugembe alitoa bahasha, akaimwaga mezani.

Zilikuwa karatasi mbili. Moja na mbili.

*

Elieth alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma ya ofisi, begi lake limefungwa kabisa, kama mtu anayesubiri basi la kurudi kwao Igunga. Alisimama haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Elieth alishika mkanda wa begi. Paskazia alitoa viazi vitamu viwili vilivyofungwa kwenye kitambaa, akampa kimoja, akaanza kumenya kingine. Walikula. Alimwacha binti amalize ndipo akauliza.

"Chupa namba tatu. Nani aliishika?"

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Mimi tu, mama."

"Karatasi yake ya fedha iko wapi?"

"Sijui. Labda upepo." Elieth alijibu akitazama ganda la kiazi.

"Siku ile kulikuwa na upepo?"

"Sikumbuki."

Paskazia hakubishana naye. Alifuta mikono, akatoa kwenye pochi orodha aliyoinakili zahanati asubuhi ile. "Haya, acha chupa. Wewe ni mwanafunzi wangu mpaka kesho saa sita, nami nataka kazi. Hawa ndio wagonjwa wa Isevya kwa wiki tatu. Nisomee umri wao."

Elieth alisoma. "Saba. Tisa. Nane. Saba. Kumi. Sita..." Alipofika wa kumi na moja akarudi juu, akasoma tena kimoyomoyo.

"Umeona nini?"

"Hakuna mtu mzima."

"Na?"

"Hakuna mtoto mchanga pia. Wote ni wa shule ya msingi." Sauti yake ilianza kupata nguvu. "Mama, maji ya kisima yananywewa na nyumba nzima. Ingekuwa kisima, wangeugua na akina mama. Na hawa wanne wa mwisho wameugua baada ya kisima kufungwa."

"Wanasoma shule moja?"

"Shule moja. Lakini bomba la shule ndiyo chupa namba moja. Ni safi."

"Nyumbani hawaugulii, shuleni hawaugulii. Pamebaki wapi?"

Elieth aliikunja orodha. Kile alichokuwa akikifikiria kilimfikia usoni, na rangi yake ikabadilika.

"Njiani," alisema kwa sauti ndogo.

"Chukua begi lako la kazi," Paskazia alisema. "Hilo la nguo liache hapo. Na mwombe Lugembe chupa moja."

*

Kisima cha Isevya kilikuwa kimefungwa kwa mnyororo wa baiskeli, na Zuena, mlinzi wake, alikuwa amekaa kando akisuka ukili, khanga kiunoni.

"Bibi Afya! Umeniletea kufuli jingine? Hili moja halitoshi, pampu inaweza kutoroka."

"Mwenye kisima kikavu na ulimi wake umelowa. Hujambo, Zuena?"

"Sijambo, nimenenepa kwa kukaa." Akamwona Elieth. "Na huyu ndiye daktari wangu wa maji. Njoo mwanangu, sina kinyongo. Karibu ukae, japo mkeka wenyewe bado sijaumaliza."

Paskazia aliuliza maswali yake akiwa amesimama. Siku ya sampuli, Zuena alikuwepo? Alikuwepo wakati wa chupa ya pipa. Na ya pampu? Hapo alikwenda nyumbani kutazama maharage yaliyokuwa yanaungua. Aliondoka kwa muda gani? Muda wa kuepua sufuria na kuikwangua.

"Ulimwacha binti peke yake?"

"Peke yake vipi, na Bibi Bertila yupo?" Zuena alielekeza kidevu kwenye nyumba ya udongo yenye bati jipya, hatua ishirini kutoka kisimani. "Yule hawezi kuona mgeni amesimama. Niliporudi nilikuta mwanafunzi kakalishwa kwenye kigoda, kapewa karanga. Hata hawa watoto wa shule, wakirudi na jua la saa saba, yeye ndiye anawanywesha. Ana mtungi pale kibarazani, maji baridi kuliko friji."

"Maji yake anayatoa wapi sasa, kisima kimefungwa?"

"Namletea ndoo moja kila siku kutoka bomba la shule. Angefikaje kwenye foleni na miguu ile?"

Alisema hivyo bila kuinua macho kwenye ukili wake. Paskazia aliliandika hilo kwenye daftari: ndoo moja kila siku, Zuena. Kwa upelelezi ilitosha kuandika "bomba la shule", lakini aliandika na jina.

Elieth alikuwa amesimama nyuma yake. Alikuwa analia kimyakimya.

"Sasa niambie," Paskazia alisema bila kugeuka.

"Aliichukua chupa mkononi mwangu, mama. Nilikuwa nimeshafungua karatasi. Akasema, mjukuu wangu, unatekaje maji kwenye chombo hakijasuuzwa, kwenu hawakukufundisha? Akaisuuza kwa maji ya mtungi wake, mara tatu, akaipangusa kwa khanga yake, akanirudishia kwa mikono miwili."

"Nawe ukateka."

"Nikateka. Darasani tulifundishwa chupa ya sampuli haisuuzwi. Nilijua. Lakini ni bibi kama bibi aliyenilea. Ningemnyang'anya?"

"Na baadaye? Ulipoona kisima kinafungwa?"

"Niliogopa. Halafu nikafikiri, nikisema, mnyororo utahamia kwake."

Zuena alikuwa ameacha kusuka.

"Ulikosea mara mbili," Paskazia alisema. "La kwanza nimelifanya na mimi, mwaka wangu wa kwanza, kule Nzega, kwa baba mmoja aliyenipangusia kipimajoto kwa kanzu yake. La pili ndilo lililomkalisha Zuena hapa siku tisa. Futa machozi. Bibi asikuone hivyo, atadhani nimekupiga."

*

"Mwangaluka, wageni!" Bibi Bertila aliamkia kwa Kinyamwezi akiwa bado ndani, kabla hawajapiga hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Na mjukuu wangu wa chupa! Umekonda. Kaeni, kaeni."

Kibaraza kilikuwa kimefagiwa. Mtungi ulikaa pembeni kwenye ngata ya majani, umefunikwa sahani safi. Kando yake, juu ya kinu kilichopinduliwa, kulikuwa na karanga na kikombe cha chumvi. Kikombe kilifunikwa karatasi ya fedha, imekunjwa vizuri pembeni ili vumbi lisiingie. Paskazia aliinama kuchota chumvi. Juu ya karatasi, kwa wino wa Lugembe, palikuwa na namba tatu.

"Karatasi nzuri hii, bibi."

"Huyu binti aliiangusha. Nikasema atakuja kuifuata, nimtunzie isichafuke."

Elieth alitazama chini. Paskazia alikula karanga moja, akauliza habari za mtungi. Bibi Bertila hakuhitaji kuombwa mara ya pili. Mtungi ulikuwepo hapo tangu enzi za bibi yake, alisema. Njia ya wapagazi ilipita pale penye nguzo ya umeme, watu wametoka Ujiji na mizigo mabegani, na hakuna aliyepita nyumba hiyo na kiu. Sasa wapagazi hawapo, wapo watoto wenye mabegi ya shule.

"Wanachotaje?"

"Wenyewe. Kopo hilo hapo."

Lilikuwa kopo la plastiki jekundu, fupi, halina mkono. Ili kufikia maji, mtoto alilazimika kuzamisha vidole vyote, na wengine mpaka kiwiko.

"Miaka yote walichota kwa kopo hili?"

"La! Nilikuwa na kata ya kibuyu, mpini wake mrefu hivi. Nilikuwa nawachotea mwenyewe. Ikavunjika Jumapili ile ya ubatizo kwa Marko, na mgongo nao ukakataa kuinama. Nikasema basi wajichotee."

"Ubatizo kwa Marko ulikuwa lini?"

"Wiki tatu, na hizi siku."

Elieth alifungua orodha bila kuambiwa. Mgonjwa wa kwanza aliandikwa zahanati Jumatano iliyofuata Jumapili hiyo. Alimwonyesha Paskazia kwa kidole. Pale nje ya ua, kwenye mtaro uliokauka nusu, michoro ya gololi ilionekana kwenye tope. Huko ndiko mikono ilikotoka kabla ya kuja kunywa.

Paskazia alivuta kigoda mpaka magoti yake yakakaribia kugusana na ya mwenyeji wake.

"Bibi, kuna watoto wanaharisha hapa mtaani."

"Nimesikia. Kisima."

"Si kisima. Kisima kizima. Na maji anayokuletea Zuena mazima, na mtungi wako hauna kosa. Ni mikono yao. Wanatoka kucheza kwenye mtaro, wanachota kwa kopo, na mkono unaingia pamoja nalo."

Bibi Bertila alilichukua kopo, akaligeuza mkononi.

"Kwa hiyo ni hapa kwangu."

"Ni kopo, bibi."

"Amekufa mtoto?"

"Hajafa hata mmoja. Kumi wameshapona. Mmoja bado, na jana jioni amekunywa uji."

"Una majina yao?"

"Ninayo."

"Nisomee."

Elieth ndiye aliyesoma, polepole. Kila jina bibi alilijua. Huyu ana pengo. Huyu hushukuru mara mbili. Huyu humchukulia mdogo wake begi. Jina la kumi na moja lilikuwa Mustafa. Bibi Bertila akauliza kama ni huyo ambaye bado, wakasema ndiye. Akasimama kwa kujisukuma na mkono ukutani, akautwaa mtungi kwa masikio yake mawili, tayari kuumwaga.

"Ngoja, bibi," Elieth alisema. "Bado nahitaji maji yake kidogo."

Alitoa chupa mpya. Alipofungua karatasi ya fedha, Bibi Bertila, kwa mazoea ya miaka themanini, alinyoosha mkono aipokee.

Elieth alipiga goti moja. Hakuitoa chupa.

"Hapana, bibi. Naomba unisamehe. Hii haisuuzwi."

"Haisuuzwi?"

"Hata na mimi. Hata kwa maji safi. Siku ile nilipaswa kukuambia, nikaona haya."

Bibi Bertila alimtazama binti aliyepiga goti, kisha akamtazama Paskazia, ambaye alikuwa anatafuta kitu ndani ya pochi yake na hakukipata.

"Ungesema tu," bibi alisema. "Mimi nakula watu?"

*

Kesho yake, Ijumaa, saa tano na nusu, Lugembe aliingia ofisini kwa Sixbert bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mtungi: chafu. Na ni uchafu ule ule wa chupa namba tatu."

Paskazia aliweka mezani karatasi tatu za fedha, moja, mbili, tatu, zote zimenyooshwa. "Chupa haikudanganya. Sisi tuliiuliza habari za kisima, ikatujibu habari za mtungi. Isingesuuzwa, tungepata jibu safi, tukarudi ofisini, na watoto wangeendelea kuugua."

"Lakini alikosea," Sixbert alisema. "Na akanificha."

"Alikosea, na akakuficha. Msome mwenyewe."

Ripoti ya Elieth ilikuwa kurasa nne. Kosa lake hakulizika mwishoni. Lilikuwa ukurasa wa kwanza, aya ya kwanza, pamoja na jina lake. Jina la Bibi Bertila halikuwemo. Paliandikwa "mkazi mmoja mkarimu". Sixbert alisoma yote. Alipomaliza aliichukua barua ya chuo, akaigeuza upande mweupe, akatafuta kalamu.

"Kisima kifunguliwe leo. Nini kingine? Taja."

"Ndoo mbili za bomba, zenye mfuniko. Zipo stoo tangu kampeni ya kipindupindu. Sabuni. Na mwanafunzi wangu mpaka mwisho wa likizo."

Sixbert aliandika yote nyuma ya ile barua, akatia sahihi.

Saa saba, watoto walipotoka shule, mnyororo ulikuwa mapajani kwa Zuena, na pampu ilikuwa inalia tena. Kibarazani kwa Bibi Bertila mtungi ulikuwa umelazwa juani ukauke. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka kumwangalia Mustafa, ameketi anapumua, fimbo kando. Elieth aliweka ndoo ya kwanza juu ya kinu, bomba lake likitazama njia, na ya pili, ya kunawia, akaiweka mbele yake na kipande cha sabuni.

Bibi Bertila aliichunguza ndoo ya kunywea pande zote. Akaifunua, akachungulia ndani.

"Na hii?" aliuliza. "Hii nayo haisuuzwi?"

"Hii inasuuzwa, bibi. Mara tatu."

"Basi nipe."

Elieth akampa, kwa mikono miwili.